Hesabu za Giza

Fomu ya mfuko ule wa uwekezaji ilitaka mapato ya kila wiki. Si ya mwezi wala ya mwaka. Wiki hii umeingiza kiasi gani, wiki iliyopita kiasi gani, umekua kwa asilimia ngapi. Ndivyo kampuni changa zinavyopimwa siku hizi, mtindo ulioenezwa sana na Y Combinator, taasisi ya Marekani inayolea kampuni changa, na nadhani kwa mtu anayeuza programu ya simu una maana yake. Mwenzangu aliijaza usiku mmoja pale Nyakato, Mwanza, kwenye chumba tulichokiita ofisi, akaituma Nairobi. Kila namba ilitoka moja kwa moja kwenye miamala ya M-Pesa.

Biashara yenyewe ilikuwa taa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku: taa zinaelea majini juu ya maboya, mwanga unavuta wadudu, dagaa wanafuata, wavu unazungushwa. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, na karabai inakunywa mafuta ya taa. Bajeti ya 2011 ilipopandisha ushuru wa mafuta hayo, ili kuwakomesha wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, kilio kiliwaangukia matajiri wa mitumbwi. Huku kwetu mwenye chombo anaitwa tajiri hata kama anadaiwa na kila duka la mtaa. Sisi tulikuwa na kibanda Igombe, sola juu ya paa, betri chini, na taa za LED za kukodisha. Mvuvi anachukua jioni, analipa kwa simu, anarudisha asubuhi. Hanunui betri, na ikifa usiku ni shida yetu.

Tulitaka kufika Kayenze, kisha visiwa vya Ukerewe, na hilo lilihitaji betri nyingi kwa mpigo. Benki ilitaka hati ya nyumba. Mikopo ya vijana ya halmashauri ilikuwa ya vikundi, nasi tulikuwa watu wawili wenye cheti cha kampuni kutoka BRELA, msajili wa biashara. Ndipo ukaja ule mfuko.

Waliomba takwimu zetu katikati ya Februari 2018, wakazipenda kupita kiasi. Wiki ya kwanza ya mwezi ule ilikuwa karibu na sifuri, ya pili ikapanda, ya tatu ikapaa. Walituandikia barua pepe yenye maneno makubwa na kutaja kiasi ambacho wangetoa kwa asilimia 10 ya hisa. Mwenzangu aliisoma kwa sauti mara mbili. Mwanzoni mwa Machi mapato yakaporomoka. Yakapanda tena. Mwisho wa Machi yakaporomoka mara ya pili, na barua zikawa fupi. Ya mwisho ilisema wanakuja wenyewe, Jumanne tarehe 3 Aprili, mara tu baada ya Pasaka.

Mtu wa ziwani ameshaona tatizo liko wapi. Mbalamwezi hatuvui dagaa. Mwezi ukiwa mpevu, wiki nzima na zaidi mitumbwi inakaa mchangani, na hakuna Igombe aliyewahi kuona haja ya kuliandika hilo mahali, kama ambavyo hakuna mwenye duka anayeandika kwamba usiku anafunga. Februari ile mwezi mwandamo ulikuwa usiku wa tarehe 15 kuamkia 16, giza totoro. Walituona tukitoka kwenye mbalamwezi kuingia kwenye giza, wakadhani huo ndio mwendo wetu.

Na sasa walikuwa wanakuja siku chache tu baada ya mwezi mpevu wa tarehe 31 Machi. Ukitaka kujua, Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo kila mwaka humkuta mvuvi wa dagaa nyumbani kwake, amepumzika, anakula na wanawe. Idd el-Fitr ni kinyume: inakuja na mwezi mwandamo, usiku ambao ziwa linalipa kuliko zote. Wavuvi Waislamu wa Igombe wamekuwa wakilalamikia mpango huo kwa utani tangu nikiwa mtoto.

Walikuja wawili. Bwana mmoja wa Nairobi, mzaliwa wa Kisumu, aliyekulia kwenye omena, ndivyo dagaa wanavyoitwa kwao, kama sisi kwenye dagaa, na dada mmoja mhasibu kutoka Dar, mwenye hijabu, mkimya, na daftari lake mkononi. Kutoka uwanja wa ndege hadi Igombe si mbali, kwa hiyo kabla ya saa kumi na moja jioni walishasimama mbele ya kibanda. Walichoona ni hiki: mitumbwi imelala mchangani mstari mzima, vijana wanashona nyavu, na taa zetu zote rafuni, safi, hakuna hata moja iliyotoka.

"Wateja wako wapi?" bwana yule aliuliza.

Nikaeleza habari ya mwezi. Nilijisikia mwenyewe nikieleza, na ilisikika kama uongo uliotungwa garini. Alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza kuhusu Operesheni Sangara iliyokuwa ikiendelea mwaka ule, maana alikuwa amesoma habari za nyavu haramu kuchomwa, akitaka kujua kama ndiyo iliyotukimbizia wateja. Sikumlaumu. Mtu aliyeona Februari yetu na kisha rafu ile lazima ajiulize kama Februari haikupikwa. Mwishowe alilisema wazi, kwa upole: "Kaka, hizi namba za Februari, mlizisaidia kidogo?"

Mwenzangu akatoka nje. Alikuwa na hasira ya haraka, na heri alitoka.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja tajiri wa mitumbwi, mteja wetu tangu tunaanza, ambaye alikuwa amekaa juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa akisikiliza yasiyomhusu. Dada akamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, kisha akamgeukia bwana wa Nairobi.

"Wewe kijana, usiondoke. Kula hapa, usubiri saa tatu."

Wakakubali, nadhani kwa sababu ya njaa. Mama ntilie wa pale alileta sato na ugali wa muhogo, tukala chini ya turubai huku mvua ya Aprili ikitishia na kuacha. Giza likaingia, ziwa likawa jeusi, na bwana yule akaonyesha kwa kidole: mbona ni giza, mbona hawaendi? Mzee akacheka tu. Kwenye saa tatu mwezi ukachomoza upande wa nchi kavu, umeanza kumegeka kidogo, na katika muda mfupi ungeweza kuhesabu mitumbwi yote ufukweni bila tochi.

"Dagaa si kipofu," mzee akasema. "Saa hizi ziwa lote ni taa. Ya kwako ataifuatia nini?"

Bwana wa Nairobi alikaa kimya, kisha akasema amekula omena miaka yote hiyo na hakuna aliyemwambia. Alianza kuelewa, ila kuelewa si hesabu, na yeye alikuwa na bosi wa kumpelekea hesabu. Akauliza kama tungempa mapato ya mwezi badala ya wiki. Tukayapiga pale pale kwenye kompyuta. Yalikuwa afadhali, lakini yalikuwa yakiyumba bado, kwa sababu mwezi wa kalenda unaukata mwezi wa angani popote unapotaka. Usiku mbili tatu za mbalamwezi zikiangukia upande huu badala ya ule, ukuaji wetu wote wa mwezi unamezwa.

Dada mhasibu hakuwa amesema neno tangu sato. Alinyanyuka akaenda dukani jirani, ambako ukutani kulikuwa na kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni ya za kawaida, akaomba aazimwe. Akairudisha mezani.

"Tukate hapa," akasema, akiweka kidole kwenye mwezi mwandamo. "Mwandamo hadi mwandamo. Kila mwezi wa Kiislamu mbalamwezi inaingia mara moja tu, katikati, tarehe 13, 14, 15. Ndizo siku nyeupe, zile watu wanafunga sunna."

Mimi ni Mkatoliki wa Bugando na nimekulia ziwani, na sikuwahi kufikiria kwamba daftari la kampuni yangu lilitakiwa kufuata kalenda hiyo. Mwenzangu alikuwa amerudi. Aliupanga upya kila muamala, Rabiul-Thani, Jumadal-Ula, na kuendelea, na yeye dada akihakiki mstari kwa mstari kwa kalamu. Ilituchukua hadi karibu saa sita. Zile wiki za sifuri zikapotea. Ule mruko wa Februari ukapotea nao. Ukabaki mstari mmoja unaopanda taratibu, asilimia nne, asilimia sita, mara moja asilimia tatu, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema umepikwa, maana mpishi angepika kitu kitamu zaidi.

Bwana wa Nairobi aliutazama mstari ule kwa muda. Akasema anatuamini. Kisha, kwa sababu sasa alituamini, akasema thamani ya kampuni aliyoiandika Februari haiwezi kusimama.

Ofa mpya ilikuja baada ya wiki moja: fedha zile zile kwa asilimia 18, zitolewe kwa awamu mbili, ya pili ikitegemea mapato ya giza tatu mfululizo, yaani mwandamo hadi mwandamo mara tatu. Mwenzangu alitaka tukatae. Alisema tumeadhibiwa kwa kusema kweli, na hakukosea kabisa. Mimi nilisema asilimia 10 ilikuwa bei ya kampuni ambayo haikuwahi kuwepo. Tulibishana njia nzima kutoka Kirumba Mwaloni hadi Nyakato, na nilishinda kwa sababu betri nne zilikuwa zimekufa wiki ile na hatukuwa na za kuweka mahali pake.

Mwanasheria wao alitaka jedwali la tarehe za miezi mipevu ya mwaka mzima, liambatishwe kwenye rasimu ya mkataba ili mtu asije akagombania giza limeanza lini. Mzee alipoliona akaomba nakala. Alikuwa na mkopo SACCOS, marejesho kila mwisho wa mwezi, na akaona hoja iliyotufaa sisi itamfaa na yeye. Akavaa shati lake la kanisani, akaenda nalo. Walimsikiliza vizuri, alituambia, wakampa soda, wakamwambia marejesho ni tarehe 30.

Tarehe 30 Aprili 2018 mwezi ulikuwa mpevu. Alikuja kibandani asubuhi na mapema kuuliza kama hela za Nairobi zimeshaingia. Hazikuwa zimeingia. Tukamchangia laki moja kutoka mifukoni mwetu, nyingine akaenda kuitafuta kwa shemeji yake Kayenze.