Gatsby ya 1926: imebaki trela tu

Leo nimeiangalia tena trela ya The Great Gatsby, ile ya mwaka 1926. Ni kama dakika moja hivi, sura zinapita haraka haraka, imekwisha. Na ndiyo yote tuliyonayo. Filamu yenyewe, iliyosambazwa na Paramount, haijulikani kuwa na kopi hata moja duniani. Tangazo la kuwaita watu limedumu karibu miaka 100, walichoitiwa kimepotea.

Sinema bubu zilizopotea ni nyingi mno, lakini hii inaniuma kwa namna yake. Kitabu ilichotokana nacho, riwaya ya F. Scott Fitzgerald, kilitoka Aprili 1925. Februari 1926 Owen Davis alikuwa ameshakigeuza kuwa mchezo wa jukwaani pale Broadway, New York, na Novemba ya mwaka huo huo watu wakaiona sinema, Herbert Brenon akiongoza, Warner Baxter akiwa Gatsby, tajiri wa karamu, na Lois Wilson akiwa Daisy, mwanamke anayempenda. Hata miaka miwili haikutimia! Zote zilizokuja baadaye, ya 1949, ya 1974, ya 2013, ilibidi zirudi nyuma kutafuta gauni lilikatwaje na gari lilifananaje. Hawa wa 1926 hawakuwa na la kutafuta. Magari yale ndiyo yaliyokuwa barabarani. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku kweli nchini Marekani, na aliyekuwa ukumbini akitazama karamu za Gatsby alizitazama kama habari za mwaka wake mwenyewe. Mwandishi alikuwa hai, ana miaka 30. Ule ulikuwa ushahidi, na ushahidi wa namna hiyo hautengenezwi mara ya pili.

Tunachokijua zaidi tunakipata kwa waliobahatika kuiona. Mordaunt Hall wa New York Times aliiandikia uhakiki ilipotoka, na kuna jambo alilolisimulia ambalo halinitoki: Gatsby anarusha sarafu za dhahabu za dola 20 kwenye bwawa la kuogelea, na wasichana wanazipigia mbizi. Kitabuni halimo. Kuna mtu alikaa akajiuliza, bila sauti, bila msimulizi, nitamwonyeshaje mtazamaji kwamba huyu bwana ana pesa na hajui aifanyie nini pesa hiyo? Akapata jibu ambalo hata mtoto wa miaka saba angelielewa. Hall alisimulia pia Daisy akinywa absinthe, pombe kali, kwa kiasi cha kumwangusha mtu wa kawaida. Yeye hakupendezwa. Mimi nataka kuona.

Halafu kuna sauti ya Daisy. Aliyesoma kitabu anajua kwamba Daisy ni sauti kwanza. Nick, msimulizi wa kitabu, haachi kuisifu, na Gatsby mwenyewe anafika kusema imejaa pesa. Sasa mpe Lois Wilson kazi hiyo kwenye filamu bubu. Anafungua mdomo, maneno yanakuja kwa maandishi. Lazima alitafuta njia nyingine, labda macho, labda namna ya kuinama anapozungumza na mwanamume. Naye William Powell, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa maneno matamu na suti nzuri, hapa ni George Wilson, yule mhusika mwenye gereji aliyechoka na maisha. Nani asingetaka kumwona?

Zelda Fitzgerald, mke wa mwandishi, hakutaka. Alimwandikia binti yao kwamba walikwenda kuitazama, ni mbaya kupindukia, wakatoka. Watu huitaja barua hiyo kana kwamba imefunga mjadala: filamu ilikuwa mbovu, basi hakuna hasara. Sikubaliani kabisa. Zelda alikuwa na haki ya kutoka ukumbini kwa sababu aliingia. Sisi hatuna pa kuingia.

Filamu hizi bubu zilipoteaje? Mkanda wa wakati ule ulikuwa wa naitreti, kitu kinachowaka hata ukikizamisha majini, na kisipowaka kinaoza polepole, kinanata, kinanuka, mwisho kinakuwa unga wa kahawia. Sauti ilipoingia mwaka 1927, filamu bubu zikakosa soko, na studio nyingi ziliona nafuu kuyeyusha mikanda ili kupata madini ya fedha yaliyomo kuliko kulipia ghala. Uchunguzi uliotolewa na Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya filamu ndefu bubu 10,919 za Marekani, asilimia 14 tu ndizo zimebaki kamili kama zilivyotolewa. Brenon huyo huyo, mwaka huo huo, alitengeneza Beau Geste, nayo inatokana na riwaya. Hiyo ipo. Ukiitazama unaona kabisa hakuwa mtu wa kubahatisha.

Sijakata tamaa. Mwaka 1978 mikanda zaidi ya 500 ilifukuliwa ardhini Dawson City, Canada, na mwaka 2008 sehemu za filamu bubu ya Metropolis ambazo watu walishaziaga zilionekana Buenos Aires. Gatsby ikitokea kesho kwenye kabati la mtu, nitaruka moja kwa moja hadi siku ya mvua nyumbani kwa Nick, Gatsby anapokutana tena na Daisy baada ya miaka mitano. Kitabuni anaegemea meko kujifanya ametulia na nusura aangushe saa. Nataka kujua kama Brenon aliiweka ile saa, na Baxter aliidakaje.