Koha katika maktaba ya skuli: kazi inayobaki baada ya kuisakinisha

Maktaba ya skuli, iwe Wete au Makunduchi, haina haja ya kununua programu ya kuazimishia vitabu. Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, ni huria na haina ada ya leseni. Kompyuta moja yenye mfumo endeshi wa Debian na RAM ya GB 4 inatosha kwa maktaba ndogo, na wanafunzi hutafuta vitabu kupitia mtandao wa ndani hata intaneti isipokuwepo.

Ukishaongeza hazina ya Koha (mahali Debian inapopakulia programu hiyo) kwenye Debian, sakinisha mariadb-server na koha-common, kisha andika amri hizi, ambamo wete ni jina la maktaba yako ndani ya Koha:

sudo a2enmod rewrite cgi
sudo systemctl restart apache2
sudo koha-create --create-db wete

Linalonitia wasiwasi zaidi ni nakala rudufu. Koha huzitengeneza yenyewe kila siku ndani ya /var/spool/koha na kubakisha za siku mbili tu. Lakini kwa kawaida Debian huifanya kazi hiyo saa 12:25 asubuhi, na kompyuta za skuli huzimwa jioni. Basi nakala haitengenezwi, na mkutubi hapati onyo lolote. Sakinisha anacron, ili kazi iliyopitwa ifanyike kompyuta ikiwashwa. Kila wiki hamishia faili zote mbili, ya .sql.gz (hifadhidata) na ya .tar.gz (mipangilio), kwenye diski ya nje inayokaa jengo jengine. Amri ya kurejesha data, koha-restore, inazidai zote mbili. UPS (betri ya akiba) nayo ni lazima, umeme wetu tunaujua.

Kitabu ulichokiingiza kisipoonekana kwenye utafutaji, usikiingize tena, utapata rekodi mbili. Jenga upya faharasa ambayo Koha hutafutia:

sudo koha-rebuild-zebra -f -v wete

Kwenye kuorodhesha, anza na ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu) kupitia Z39.50, njia ya kunakili rekodi kutoka maktaba nyengine. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, kwa hiyo vitabu vingi vya Kiswahili utavikuta tayari. Vijitabu vya zamani visivyo na ISBN utaviandika kwa mkono, na hapo majina huleta vurugu: Mohamed, Muhammad na Mohammed huwa watu watatu ilhali mwandishi ni mmoja. Tengeneza rekodi moja ya mamlaka, yaani inayokusanya tahajia zote za jina, kwa kila mwandishi, jina lililochaguliwa likae uga 100 na tahajia nyengine uga 400. Kisha washa mpangilio wa Koha uitwao IncludeSeeFromInSearches na ujenge faharasa tena kwa amri ile ile. Bila hatua hiyo ya mwisho, mwanafunzi akiandika tahajia aliyoizoea hatoviona vitabu vya mwandishi huyo.