Shina Lililooza la Praslin

Mwaka 2016 nilivuka kwa boti ya asubuhi kutoka Mahé hadi Praslin, visiwa vya Ushelisheli, nikaenda moja kwa moja msitu wa Vallée de Mai. Kando ya njia ulisimama mnazi uliokufa, hauna kuti hata moja, umeoza mpaka umebaki mvungu. Nikauliza kwa nini hawaukati. Mlinzi wa msitu, mama wa makamo, aliweka kiganja juu ya shina lile, polepole, akasema, "Hii ni nyumba."

Humo ndimo anamotaga kasuku mweusi wa Ushelisheli, ambaye wenyewe humwita kato nwar. Si mnazi wetu wa pwani. Ni ule mkubwa unaozaa nazi pacha, ambao ukishakufa na kuoza kati huwa shimo la kulelea makinda. Ndege huyu anazaliana Praslin tu, duniani kote hana pengine, na hata elfu moja hawafiki. Panya nao hupanda hadi kwenye mayai, ndiyo maana mama yule alikuwa akikagua mashina na mitego kila siku.

Tulipoketi kupumzika akanieleza jambo ambalo bado sijalizoea. Kule Mahé, wakati huohuo, wenzake walikuwa wakiwapiga risasi kasuku wengine, wa kijani, wenye pete shingoni. Walitoroka vizimbani miaka ya 1970, wakazaana. Wakivuka kuja Praslin wangegombea mashimo haya, na wangeweza kuleta ugonjwa unaonyonyoa manyoya na kuharibu mdomo. Nimewapenda kasuku tangu utotoni. Nilinyamaza, koo limenikauka.

Hakunibembeleza. Alisema visiwa hivi vilikuwa na kasuku wa kijani wa asili, na watu walimuua kwa sababu alikula mahindi yao, mpaka akaisha kabisa. "Mmoja tumeshamzika," alisema. Mpaka leo nawahurumia wale wa Mahé, wao hawakuomba kuletwa. Lakini ningeulizwa mimi, ningekubali wawindwe.

Msituni tulisikia miluzi tu, myembamba, ikitoka juu sana kwenye makuti. Ndege mwenyewe hatukumwona.

Jioni tulikuwa tukishuka kuelekea nilikofikia alipoushika mkono wangu ghafla. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mbilimbi, matunda yamejaa shinani kama ule niliokuwa nikiuchuma utotoni, nikila bilimbi kwa chumvi. Kasuku alikuwa juu yake. Wala si mweusi hasa. Rangi yake ni ya majivu yaliyoloa. Alikata bilimbi, akalishika kwa mguu, akalila kwa utulivu, maji yakimchuruzika kifuani. Kisha akakata jingine.

Mama yule hakuuachia mkono wangu. Tulisimama hivyo hadi giza likaanza kuingia, na ndege akaruka kuelekea msituni.