Tulivyobomoa kuta za bibi kule Dickinson baada ya kimbunga Harvey (ushauri wa jiki msiufuate)

Jamani kila kimbunga kikipiga huku Marekani naona watu wetu kwenye magrupu wanaandika yale yale, nyumba ikiingia maji pulizia jiki, washa feni, itakauka. Nani kawaambia? Mimi nimeingia kwenye nyumba iliyopuliziwa jiki, ukuta kwa mbele umependeza kabisa, tulipoutoa nyuma ukungu mweusi tii kama masizi ya sufuria. Jiki inasafisha juu, ukungu unakula karatasi ya ndani.

Hii ni Septemba 2017, Texas. Kanisa letu liko upande wa Dallas, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, tunasali kwa Kiswahili. Harvey ilitua karibu na Rockport usiku wa tarehe 25 Agosti na ndugu zangu wa Bongo wakapiga simu kuuliza kama mapaa yameng'oka. Upande wa Houston shida haikuwa upepo, ilikuwa mvua, kimbunga kilifika kikagoma kuondoka, siku kadhaa mvua tu, na pale Nederland ilipimwa zaidi ya mita 1.5, yaani ingesimama ingenifika kidevuni.

Mchungaji akatangaza safari ya kwenda kusaidia waliofurikiwa, tukajiandikisha 14, wiki mbili baada ya kimbunga tukashuka na I-45 tukaipita Houston mpaka Dickinson, njiani kwenda Galveston. Gharama sikumbuki vizuri, mafuta na chakula tulichanga kama dola 80 au 100 kila mtu, tukalala chini kwenye ukumbi wa kanisa lingine. Sindano ya pepopunda chomeni kabla hamjaondoka, misumari iko kila mahali.

Tukapewa nyumba ya bibi mmoja wa miaka 70 na kitu, anaishi peke yake. Bima ya nyumba anayo lakini ya mafuriko hana, na ile ya kawaida huku hailipi mafuriko. Maji yalifika karibu futi 3.

Siku ya kwanza tulikosea na nalisema wazi ili msirudie. Kuna mtu alituambia kabla ya safari kwamba kazi hii ni nguvu tu, nyundo na mtaimbo, bomoa. Vijana wakaingia chumba cha kulala wakaanza kupiga. Kuta za ndani huku ni jipsam, yaani chaki iliyovikwa karatasi. Jipsam iliyoloa haivunjiki, inamomonyoka kama ugali wa jana ulioloweka, halafu kule juu palipo pakavu inapasuka ovyo, hapa imepanda, pale imeshuka, kama meno ya mamba. Mmoja akazamisha msumeno wa betri wote ndani ya ukuta akakata waya wa soketi. Umeme ulikuwa umezimwa kwenye meta, namshukuru Mungu, lakini kuurudisha ule waya ni hela ya bibi. Chumba kimoja kikatumaliza mpaka saa nane mchana. Na friji! Mtu akasema tuifungue tutoe vyakula iwe nyepesi. Nyama ya wiki mbili bila umeme, joto la Texas. Tulikaa nje karibu saa nzima, dada mmoja alitapika. Friji haifunguliwi, zungusha tepu pana mara tatu nne uibebe ilivyo mpaka nje.

Jioni akafika Papa, baba yetu mmoja Mkongo, alichelewa sababu ya shifti, na kazi yake Dallas ndiyo hiyo hiyo ya kupachika jipsam majumbani. Akakitazama kile chumba, akapitisha kidole pale juu tulipopasua. "Mama, fundi atakayekuja kuziba hapa atahangaika na vipande vipande." Akanichukua mpaka korido, giza, akailaza tochi ubavuni kwenye ukuta. Mwanga ukatambaa na mimi nikaona mstari mwembamba wa kivuli umelala kutoka kona mpaka kona, futi 4 kamili kutoka chini. Mchana huuoni, rangi imeuficha. Ule ndio mwungano. Jipsam zina upana wa futi 4 na mafundi wengi wanazilaza, kwa hiyo mwungano wa kwanza unakuwa hapo. Ukipitisha kisu cha wembe kwenye mstari mara mbili, ubao wa chini wote unatoka, juu panabaki pamenyooka kama rula, hujagusa waya wala bomba, na fundi akija anaingiza ubao mpya mzima. Na usikate pale alama ya maji ilipoishia, maji hupanda ndani ya jipsam kama chai kwenye mkate, alama iko futi 3 lakini unyevu uko juu yake.

Kesho yake skatingi, jipsam na ile pamba ya ndani ya ukuta vilitoka nyumba nzima iliyobaki kabla ya saa kumi. Nilijisikia fahari sana.

Ila kuweni na subira na mwenye nyumba. Kila kitu piga picha kwanza, FEMA (shirika la serikali la maafa) wanataka kuona, halafu uliza ndipo utupe. Bibi tulimwekea kiti gereji, kila droo inapita mbele yake. Kijana mmoja alishabeba mkebe uliojaa matope kwenda kuutupa, bibi akamwita, akaumwaga kwenye beseni, kumbe ni vifungo vya nguo, vya mama yake. Akakaa anaosha kimoja kimoja kwa kidole gumba, anavipanga juu ya taulo, hakuna aliyemharakisha.

Baada ya hapo sugua mbao za fremu ya ukuta kwa brashi, pulizia dawa ya ukungu, acha mashine ya kufyonza unyevu ifanye kazi, na usikubali mtu afunge ukuta kwa haraka. Tulipoondoka kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 28 kwenye mbao, tuliambiwa kishuke chini ya 15. Mwisho wa Oktoba kikasoma 14, Papa akarudi na wenzake kufunga. Usiku akanipigia. Korido, sebule na chumba cha pili jipsam zimeingia nzima, wamekata matundu ya soketi tu. Kile chumba chetu cha kwanza peke yake kimewachukua siku mbili.