Dreamliner ya mpingo, na nguru aliyeitangulia

Nachonga mpingo tangu nina miaka kumi na minne. Nimechonga ujamaa wa watu arobaini waliobebana, nimechonga mashetani ya jicho moja, nimechonga vichwa vya wazee mpaka vikawa vinanijia usingizini. Ndege sikuwahi. Na ningeijua kazi yake, siku ile binti wa jirani alipoingia bandani kwangu hapa Mtwara ningejilaza kwenye mkeka nikasingizia mgongo.

Ilikuwa mwezi wa tano, 2018. Binti huyu namjua tangu akitumwa dukani kununua chumvi, miguu peku. Siku hizi ni mhudumu wa ndege, skafu shingoni, na alikuwa kwenye kundi lililofundishwa kuhudumia ndege kubwa mpya ya Air Tanzania iliyokuwa ikisubiriwa, Boeing 787 Dreamliner. "Baba mdogo," akaniambia, "tumechangishana na wenzangu, tunataka kumpa zawadi kapteni wetu. Iwe kitu cha Kusini. Tuchongee ndege yenyewe." Akanishikisha hela ya kuanzia. Nikakubali hata hajamaliza kusema. Ndiyo tabia yangu, na mama watoto anayo maneno yake kuhusu hilo.

Habari ikazagaa, washauri wakajaa. Mmoja akaniambia nitumie mti wowote laini nipake kiwi nyeusi ya viatu, kapteni hatajua. Kuna watu wanafanya hivyo, na watalii wanauziwa. Mimi sifanyi. Tena ukitaka kumjua mwongo, tia kinyago chake kwenye ndoo ya maji: mpingo unazama kama jiwe, hicho chake kitaelea. Mwingine akasema nichonge halafu niipige rangi nyeupe yote. Rangi juu ya mpingo! Huyo sikumjibu.

Aliyeniponza ni fundi mwenzangu, mtu mzima, mikono yake naiheshimu. Alinijia na kahawa yake, akaketi juu ya gogo, akatamka kama anatoa hukumu: "Kazi ya Mmakonde ni kipande kimoja. Ukianza kuunga unga, hiyo si sanaa tena, hiyo ni kabati." Maneno yakaniingia. Nikatafuta gogo nene la kutoka Nachingwea, nikaanza na tezo.

Sasa mimi ndege niliyoitazama vizuri maishani ni ile ya mapanga inayotua hapa kwetu, Q400. Ile ni ndefu kuliko upana wa mabawa yake, urefu mita 32.8, mabawa mita 28.4 toka ncha hadi ncha. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ndege ni kitu kirefu chenye mikono mifupi. Nikachonga siku kumi na moja. Mwili ukatoka mrefu, umenyooka, pua imechongoka, nikawa naupitisha kiganjani kama mtu anayebembeleza paka. Siku ya kumi na mbili nilikuwa napunguza unene wa bawa la kushoto kwa patasi, napiga nyundo kidogo kidogo, nimeshusha pumzi, redio nimezima. Tak! Bawa likalala mchangani.

Nilikaa nalitazama kwa muda ambao kahawa inapoa. Kosa nililiona palepale, na aibu ni kwamba hata mwanafunzi wa mwezi mmoja angeliona. Nyuzi za mti zilikimbia na mwili, kutoka puani kwenda mkiani. Kwa hiyo bawa lilikuwa limekatisha nyuzi, limeshikiliwa na vijinyuzi vifupi vifupi kama biskuti. Mkono wa kinyago unauchonga umeambatana na mwili, haujitokezi peke yake hewani. Bawa la ndege linajitokeza.

Kabla sijatupa nikaipiga picha, nikamtumia binti kwenye WhatsApp, nikijidai kuuliza kama umbo liko sawa. Jibu lake ninalo mpaka leo: "Baba mdogo, mbona huyu ni nguru?"

Ndipo akanitumia vipimo. Dreamliner ya aina ile, 787-8, ina urefu wa mita 56.7, na mabawa yake toka ncha hadi ncha ni mita 60.1. Nikasoma mara mbili. Mabawa yanazidi mwili! Nikageuza kalenda ya ukutani nikapiga hesabu nyuma yake: nusu sentimita kwa kila mita. Mwili sentimita 28 na nusu, mabawa 30. Mpingo mnyoofu usio na tundu katikati unaufahamu ulivyo adimu, kwa hiyo sikutaka kujikweza.

Nikaamua kuunga, na fundi mwenzangu ajinyonge. Mwili peke yake, kila bawa peke yake, bawa liwe na ulimi unaoingia kwenye tundu ubavuni mwa mwili. Nyuzi za bawa ziende na bawa. Binti alinicheka aliposikia, akasema kumbe nimefika walikofika mafundi wa Boeing. Kwenye mafunzo waliambiwa kwamba ndege hiyo nusu ya uzito wake si bati wala chuma, ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka nyuzi zake zinaelekezwa upande wake ili isivunjike kokote inakovutwa. Yaani wao wameutengeneza mti wao wenyewe, nyuzi wanazipanga watakavyo. Mimi wangu nimepewa na Mungu umeshapangwa, kazi yangu ni kutii.

Mwili wa pili nilifanya kitu ambacho najisifia hadi kesho. Mpingo unajua una kiini cheusi, na chini ya gome kuna ule mzunguko mweupe ambao wote tunauchonga na kuutupa, maana wadudu wanaupenda. Ndege ya Air Tanzania mwili wake ni mweupe. Basi nikachukua kipande cha pembeni ya gogo, nikachonga ili ule weupe ukae mgongoni mwa ndege kuanzia puani mpaka karibu na mkia, weusi ubaki tumboni. Hakuna tone la rangi. Mstari unaotenganisha haukunyooka, ulipinda kidogo usawa wa madirisha, nikauacha. Ule weupe kaushia kivulini, usithubutu juani.

Mabawa nikayachonga yamenyooka kama rula. Nikayachomeka, nikaona nimemaliza.

Jumapili ya tarehe 8 Julai ndege ikafika Dar. Tulikuwa kwenye kibanda cha kahawa, watu wamejazana mbele ya televisheni, Rais Magufuli uwanjani anaipokea, magari ya zimamoto yanaimwagia maji pande mbili. Watu wanashangilia. Mimi nashangaa mabawa. Ilipokuwa bado angani, inashuka, yale mabawa yalikuwa yamepinda kwenda juu, yameinuka kama mikono ya mtu anayeomba dua. Nikaacha kahawa yangu. Mtu akaniuliza, "Fundi, vipi, umefiwa?" Nikamwambia karibu.

Kuchonga bawa lililopinda kutoka kwenye ubao ulionyooka ni kurudi kwa nguru: nyuzi zinakatika pale kwenye mkunjo, ncha inavunjika ukiipangusa vumbi tu. Nilijaribu moja. Ilivunjika wakati wa msasa. Kulikuwa na ushauri wa kuchemsha mti na kuupinda, wa kijana mmoja aliyeona kwenye simu. Nikachemsha kutwa nzima kwenye sufuria ya ubwabwa ya shughuli. Mpingo ule ulitoka kama ulivyoingia, sufuria ikatoka nyeusi, nikanunua nyingine.

Jibu nililipata Mikindani. Nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, msiba, na wakati wa kurudi nikapita ufukweni ambako mafundi walikuwa wanatengeneza chombo. Fundi mmoja alikuwa anachagua mbao za mataruma, zile mbavu za ndani. Anaokota matawi yaliyopinda, anayalinganisha na tumbo la chombo, yaliyonyooka anayasukuma kando. Nikamuuliza kwa nini hachongi mkunjo kwenye mti mnyoofu, ni rahisi kupatikana. Akanitazama kama ninayeuliza kwa nini samaki hatembei. "Mti uliokua umepinda, mzee wangu, nyuzi zake zimepinda nao. Hauvunjiki."

Mimi nyuma ya banda langu nina rundo la matawi ya mpingo yaliyopinda, miaka nayatukana, nayachomea mkaa. Nilifika nyumbani jioni, nikawasha taa, nikapekua rundo mpaka nikapata moja lenye mkunjo wa taratibu, kama upinde uliolegea. Nikalipasua katikati kwa urefu, kama unavyopasua muhogo. Vipande viwili, mkunjo mmoja, mapacha. Nyuzi zinatoka kwenye ulimi mpaka kwenye ncha bila kukatika. Nikayachonga mpaka yakawa membamba unaweza kuona kivuli cha kidole, halafu nikaliminya moja kwa makusudi. Likanesa. Nikaita watu waje waone. Usiku saa nne. Hakuja mtu ila mama watoto, akasema vizuri, sasa zima taa.

Injini zilikuwa mbili, Rolls-Royce zile, nikazifunga kwa vijiti vya mpingo chini ya mabawa. Nyuma ya ganda la injini kuna meno kama ya msumeno, binti akasema yanapunguza kelele. Meno hayo kwa kipimo changu ni kazi ya sindano. Nilichonga injini ya kulia vizuri, ya kushoto nina meno mawili pungufu. Usihesabu.

Twiga wa mkiani nilimchora kwa msumari wa moto. Alitoka kama mbuzi aliyevutwa shingo. Nikakwangua nikarudia, akatoka twiga, lakini ana mawazo.

Kilichobaki ni kitako, na hapo nikarudi kwenye ujamaa wangu. Ndege haikai juu ya kijiti, inabebwa na watu. Nikamuuliza binti wako wangapi. Akaniambia sheria inataka mhudumu mmoja angalau kwa kila viti hamsini, na ndege ile ina viti 262, lakini nikitaka kuelewa nihesabu milango: minne kila upande. Kila mlango unatakiwa uwe na mtu wake, kwa sababu ndege hairuhusiwi kubeba abiria kabla haijathibitika kwamba ikijaa watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa nusu ya milango tu. Chai na karanga ni kazi ya pili. Basi nikachonga wahudumu wanane, skafu shingoni, wamesimama kwa duara migongo ndani, kila mmoja ameinua mkono mmoja, na marubani wawili wamechuchumaa katikati wamebeba tumbo la ndege kwa mabega. Kumi. Mmoja wa wanane nilimpa sura ya binti wa jirani. Alipoona akanung'unika kwamba nimemnenepesha.

Gharama? Mti, sufuria, msasa, nauli ya Mikindani ambayo ningetoa hata hivyo, inafika laki na nusu, labda na kitu. Muda sihesabu, ningelia.

Faida ya kuunga niliiona wakati wa kusafirisha. Ya kipande kimoja ingetaka sanduku kama jeneza la mtoto. Mimi nilichomoa mabawa, nikayafunga kwenye kanga kuukuu, mwili nikauzungushia pamba, vyote vikaingia kwenye boksi la sabuni. Boksi likaenda Dar kwa basi, kilomita zaidi ya mia tano na hamsini, chini ya miguu ya shemeji yangu, mama yake binti, ambaye hakunyanyuka hata kwenda kujisaidia mpaka walipovuka daraja la Mkapa. Nilimwandikia kwenye karatasi: kushoto, kulia, usilazimishe. Inaingia kwa kubonyeza kwa gumba mpaka usikie inashika.

Kapteni alipewa kabla ndege haijaanza kubeba abiria. Binti alinitumia video. Mtu mzima, mwenye mistari minne begani, ameshika ndege yangu anaigeuza geuza. Akapitisha kidole kwenye bawa kutoka ubavuni hadi ncha. Akaliminya. Likanesa, akacheka, akaliminya tena. Halafu akaisogeza karibu na macho akaanza kuangalia injini ya kushoto, na hapo nikazima video.

Tangu hapo nimechonga ndege tisa. Za Airbus ni rahisi kidogo, injini hazina yale meno. Yule fundi wa kipande kimoja alikuja juzi, akasema anatafuta msasa wa kuazima. Msasa ulikuwa mbele ya uso wake. Macho yake yalikuwa kwenye mwili mpya juu ya meza, pale kwenye tundu la ulimi, ambalo pembe yake ndiyo siri yote ya bawa kulala nyuma na kuinuka juu kwa pamoja. Nikatupia kanga juu yake, nikampa msasa. Wakati wa kutoka akajikwaa mlangoni kwenye nguru. Nimemweka pale na bawa lake moja, anazuia mlango upepo wa bahari ukivuma.