Sisi tutaonana kabla ya ibada, na sababu yetu sio picha

Toka tutangazwe kanisani kila mtu ana neno lake, ila hili la kuonana na mwenzangu asubuhi ya harusi limeleta maneno kuliko hata bajeti ya ukumbi. Shangazi yangu wa Mpwapwa anasema haiwezekani kabisa, bibi harusi akishaagwa kwenye sendofu anakaa ndani, bwana harusi atamwona kanisani, kinyume na hapo ni kujitafutia mkosi. Mpiga picha naye kaja na lake, anataka tukutane saa 4 asubuhi kule milimani Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nikiwa nimeshavaa gauni, mwenzangu asimame kanipa mgongo, nimguse bega ageuke, droni iko juu inarekodi, kama wanavyofanya Marekani. Na wote wawili wanataka jibu wiki hii.

Mkosi ndo unaotisha watu kwa hiyo naanza nao. Shangazi namheshimu sana na najua anaongea kwa upendo, lakini nilipoenda kumsalimia bibi mzaa mama kule Mvumi nikamuuliza kama hii ni mila yetu, akaniangalia akasema, "Mjukuu wangu, babu yako nilikuwa namwona kila siku kisimani, ng'ombe wakaletwa, wazee wakakubaliana, nikaenda. Hayo ya kufichana mmeyatoa wapi?" Na ni kweli, maana hata hilo gauni jeupe lenyewe limeenea baada ya malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo mwaka 1840, sasa tunalinda kitu kama cha mababu wakati mababu wa Kigogo hawakijui. Halafu sisi tumekaa bega kwa bega mbele ya mchungaji kwenye mafundisho ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa angalau siku 21 kabla, tumetoa, majina yamesomwa mbele ya waumini mwenye pingamizi aseme, hivi baada ya yote hayo kuna siri gani imebaki?

Lakini sisemi kusubiri hakuna maana, hapana. Rafiki yangu Mrangi wa Kondoa aliolewa, nikawa naye chumbani muda wote, nikaha inafungwa msikitini yeye yuko ndani na sisi, kakaa kitandani kajifunika mtandio. Bwana harusi alipokuja na watu wake na kaswida, mama zake wakubwa wakashika mlango, hafunguliwi mtu mpaka hela ipite, zikapitishwa noti chini ya mlango, wakahesabu wakasema bado, zikaongezwa, ndo wakafungua. Akaingia, akamwekea mkono kwenye paji la uso akasoma dua, na mikono ya rafiki yangu yenye hina ilikuwa inatetemeka. Nililia pale. Ila angalia, yule anamwona mke wake kabisa, ndoa imeshafungwa, na wapo chumbani na shangazi na mama wakubwa tu. Mimi mtu wangu ataniona kwa mara ya kwanza kanisa zima likiwa limesimama, simu zimeinuliwa, MC anapanga watu wasogee, na hapo hapo anatakiwa aape.

Na sisi tuna jambo letu. Mama yake alifariki mwaka jana. Kwenye vikao vya kamati anacheka, anafuatilia michango, anabishana bei ya viti, ukimwona utasema yuko sawa tu. Juzi tunatoka kikao Nkuhungu akaniambia tu ghafla, "Kile kiti cha mbele, sijui nitakiangaliaje." Kitakaliwa na mama yake mkubwa na ni sawa, ndo ilivyo, lakini mi siwezi kumwacha huyu mtu aamke siku ile, avalishwe suti na marafiki wanaopiga kelele, apelekwe kanisani na hiyo kitu kifuani bila kuniona hata kidogo. Tukishafika ukumbini hatutapata nafasi tena, ni keki, ni zawadi, ni kulishana, mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo mpiga picha nimemkatalia. Sababu yake kubwa ni mwanga na wala haina uzito, ibada ni saa 8 mchana, hata tukichelewa tunatoka saa 10, na Dodoma mwezi wa tisa jua linazama kama saa 12 na nusu jioni, muda upo mwingi na mwanga wa jioni ndo mzuri, saa 4 asubuhi huko milimani ni jua la kukunja uso na upepo wa vumbi kwenye gauni la watu la kukodi. Ila wewe kama ibada yenu inaanza saa 10, basi msikilize, maana giza halisubiri wanakwaya wamalize.

Tumepanga hivi, saa 1 asubuhi kabla mpambaji hajafika anakuja nyumbani kwa mama mdogo Kisasa, mi nitakuwa na khanga na kitambaa kichwani, gauni liko chumba kingine hataliona, na hilo nimemkubalia shangazi kwa moyo wote. Hakuna kamera. Tunasali, anasema anachotaka kusema, akitaka kulia analia. Mama mdogo ndo matroni wangu na kashakubali, atakaa sebuleni, dakika kumi zikiisha anagonga mlango. Shangazi bado hajajua. Jumapili nikitoka kanisani napanda gari naenda Mpwapwa nimwambie mwenyewe, na nitamwambia habari ya kile kiti, sitaki asikie kwa watu.