Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni nusu saa, mbona tiketi inasema saa nzima?

Kutoka JKIA (uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi) hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kama kilomita 420 angani (usichukue zile 480 na ushee za barabara). Jeti ikishatulia juu hukata kilomita 800 hivi kwa saa. Gawanya, utapata dakika 32. Ratiba nayo inakuambia saa moja, na haidanganyi.

Saa ya ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa, na husimama inapoegeshwa upande wa pili. Humo mna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kujikokota hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, kisha kungoja zamu. JKIA ina barabara moja tu ya kurukia na kutua, kwa hiyo foleni si ajabu. Kupanda na kushuka nako hula muda, maana ndege haiko kwenye mwendo wake kamili. Kwa safari ya Mombasa, ikifika juu ni kama imeshaanza kuteremka.

Kukadiria ni rahisi: gawanya umbali kwa 800, kisha ongeza dakika 30. Dar es Salaam ni kilomita 665 hivi: dakika 50 na 30, yaani saa 1 na dakika 20, karibu sawa kabisa na ratiba. Kwa ndege za rafadha zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, gawanya kwa 500. Kwa safari ndefu tumia 870.

Kwenye safari ndefu ndipo hesabu huanza kupinda. New York ni kama kilomita 11,800; hesabu inatoa saa 14. Kenya Airways ilipoanza safari hiyo Oktoba 2018, kwenda iliandikwa saa 15 na kurudi 14. Njia ni ileile, ila upepo wa juu huvuma kutoka magharibi: ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma. London, kilomita 6,800, hesabu inasema saa 8 na dakika 20, lakini ratiba hukaribia 9. Ndege haifuati uzi ulionyooka. Anga la Sudan lilipofungwa Aprili 2023, safari za Ulaya zililazimika kuzunguka.

Kosa linalowapata wengi ni la saa za ukutani. Tiketi huandika saa za mahali husika. Ukiondoka Nairobi 09:00 mwezi Januari na kufika London 15:00, hukusafiri saa 6. London iko nyuma kwa saa 3, kwa hiyo ni 9. Mwezi Julai tofauti ni saa 2 tu.

Na ukiona 00:30 tarehe 12, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe uwanjani tarehe 11, saa tatu unusu usiku.